Nimejifungia nje ya swichi mpya ya ofisi: nianzie wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya watu 18, ila mambo ya kompyuta yameniangukia kwa sababu hakuna mwingine. Tumenunua swichi ya kusimamiwa yenye poti 24 na PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao), ichukue nafasi ya ile ya kawaida. Nilihamisha kebo zote na kila kitu kikafanya kazi bila kugusa mpangilio wowote. Shida ilianza nilipotaka kutenganisha simu za mezani, kamera na Wi-Fi ya wageni na kompyuta za hesabu. Nilitengeneza VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja), nikahamisha poti, nikabonyeza kitufe cha kukubali, ukurasa ukaganda. Tangu hapo siwezi kuingia kwenye swichi. Tuna simu 10, kamera 4 na mashine yake ya kurekodia, printa 2, aksesi pointi 2 na ruta. Je, nimeiharibu? Kama haijaharibika, nianzie wapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu, na pole. Swichi haijaharibika. Umekata tawi ulilolikalia, basi, na wengi wanaoanza VLAN hupitia hapo hapo.

Swichi ikitoka kiwandani, poti zake zote huwa kwenye VLAN 1. Anwani yake yenyewe, ile unayoiandika kwenye kivinjari ili ufungue ukurasa wa usimamizi, nayo hukaa VLAN 1. Laptopu yako ilikuwa imechomekwa kwenye mojawapo ya poti ulizozihamisha. Ulipokubali mabadiliko, laptopu ilihamia VLAN mpya, anwani ya swichi ikabaki ya zamani. Swichi inaendelea kupitisha trafiki kama kawaida, ila wewe huna tena njia ya kuufikia ukurasa wake.

Usikimbilie kitufe cha kufuta kila kitu. Kama kuna poti hukuigusa, hiyo bado iko VLAN 1. Chomeka laptopu hapo, zima Wi-Fi yake, kisha uipe anwani ya IP kwa mkono iliyo kwenye subneti moja na swichi: kama swichi ni 192.168.1.254, laptopu iwe 192.168.1.50 yenye 255.255.255.0. Ukurasa ukigoma, chomoa umeme wa swichi, subiri kidogo, rudisha. Swichi nyingi zina usanidi wa aina mbili, unaofanya kazi sasa hivi na uliohifadhiwa, na huo wa pili ndio unaosomwa kila inapowaka. Kama ulikubali mabadiliko bila kuyahifadhi, kuzima na kuwasha kutakurudisha ulikokuwa. Baadhi ya swichi ndogo huhifadhi papo hapo, na kwa hizo ujanja huu haufui dafu. Njia ya tatu ni poti ya konsoli, kama ipo. Hiyo haijali VLAN wala anwani ya IP. Unaunganisha kebo yake kwenye laptopu, unafungua programu ya terminali, unaweka kasi ya 9600 au 115200 kadiri kitabu cha swichi kinavyosema, na unaingia. Kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani kiwe cha mwisho.

Ila ukishaingia, usiendelee pale ulipoachia. Mpangilio uliopapaswa nusu nusu ni mgumu kuurekebisha kuliko kuanza upya. Kama simu na kamera bado zina adapta zake za umeme, rudisha swichi ya zamani kazini ili wenzako wasisimame, ifute mpya kwa makusudi, na ukae nayo mezani ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote isipokuwa laptopu yako. Pamoja na karatasi.

Karatasi ndiyo kazi yenyewe. Yanayobaki ni kuchapa tu. Chora mistari 24, mmoja kwa kila poti, na kwa kila mstari andika kifaa, kilipo, VLAN yake, na kama kinahitaji umeme wa PoE. Simu nyingi za IP za mezani zina matundu mawili, moja la kwenda ukutani na jingine la kompyuta, kwa hiyo nachukulia kompyuta 10 zinapita kwenye simu na watu 8 waliobaki wako kwenye Wi-Fi. Basi hesabu yako ni simu 10, kamera 4, mashine ya kurekodia, printa 2, aksesi pointi 2 na ruta: poti 20. Zinabaki 4, na moja kati ya hizo tutaihitaji sana.

VLAN ningekupa tano, si zaidi. Wafanyakazi 10, simu 20, kamera pamoja na mashine yake 30, wageni 40, na 99 kwa usimamizi wa vifaa vyenyewe. Namba hizo hazina uchawi wowote. Kiwango cha 802.1Q, ambacho ndicho cha VLAN, kinaruhusu kuanzia 1 hadi 4094. Ninazipenda kwa sababu unaweza kuzilinganisha na anwani: VLAN 10 ikatumia 192.168.10.0, VLAN 20 ikatumia 192.168.20.0, na kadhalika, hivyo ukiona anwani tu unajua kifaa kiko wapi. Printa ziache VLAN 10 na wafanyakazi. Najua utashawishika kuzitenga nazo, lakini kompyuta na simu za mkononi mara nyingi huzitafuta printa kwa matangazo ya mDNS (njia ya vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao), na matangazo hayo hayavuki VLAN. Utashinda ukijibu watu wanaosema printa imepotea, na faida ya kuitenga kwenye ofisi ya watu 18 ni ndogo mno.

Kabla ya kufunga swichi kwenye raki, piga hesabu ya umeme. Watu wengi husoma "poti 24 za PoE" wakadhani kila poti itatoa umeme kamili kwa wakati mmoja. Kuna kikomo cha poti na kuna kikomo cha swichi nzima. Kwa kiwango cha PoE cha 802.3af cha mwaka 2003 poti hutoa hadi wati 15.4, kwa 802.3at cha 2009, hadi wati 30. Poti 24 zikitoa 15.4 kila moja ni karibu wati 370, na swichi nyingi za ofisi ndogo hazina umeme huo wote. Simu ya daraja la 2 (daraja huonyesha umeme ambao kifaa kinahitaji) hutengewa wati 7, kwa hiyo simu zako 10 ni wati 70. Kamera za daraja la 3 hutengewa 15.4, nne ni 61.6. Aksesi pointi mbili za 802.3at ni 60. Jumla 191.6. Kama lebo ya swichi yako inasema wati 180, uko juu ya mstari kwenye karatasi, ingawa matumizi halisi kwa kawaida huwa chini ya hapo. Swichi nyingine hugawa umeme kwa daraja la kifaa, nyingine hupima kinachotumika kweli. Angalia yako inafanya lipi. Kisha weka vipaumbele: aksesi pointi na simu juu, kamera zisizo muhimu chini, ili umeme ukipungua uchague wewe nani azime. Dalili inayowachanganya wengi ni kamera inayofanya kazi mchana kutwa na kujizima usiku. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, matumizi yanapanda, na hapo ndipo umeme unapopelea.

Mengine ya ufungaji nayapitia haraka. Matundu ya hewa pembeni yasizibwe. Swichi iwe kwenye UPS pamoja na ruta, kwa sababu sasa simu zako zinaishi kwa umeme wa swichi. Njia nzima ya kebo ya shaba, kutoka swichi hadi kifaa, isizidi mita 100. Na kebo zote ziandikwe namba pande zote mbili.

Sasa swichi iko mezani na laptopu peke yake. Badilisha nenosiri la kiwandani kabla ya lingine lolote. Weka toleo jipya la programu dhibiti sasa hivi, wakati hakuna anayeitegemea, maana itahitaji kuwashwa upya. Ipe jina. Weka saa kwa NTP, huduma ya kusoma saa kupitia mtandao, ingawa itaanza kusoma saa ikishaunganishwa. Kumbukumbu za matukio zenye saa ya mwaka mwingine hazimsaidii mtu. Kwa njia za kuingilia kwenye swichi, washa HTTPS na SSH, zima HTTP na Telnet, kwa sababu hizo mbili za mwisho hupitisha nenosiri wazi wazi kwenye waya.

Kisha VLAN, na hapa nenda polepole.

Fremu ya kawaida ya Ethernet haijui VLAN. Kinachofanywa na 802.1Q ni kuipachika lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo kuna biti 12 za namba ya VLAN. Lebo inahitajika pale tu waya mmoja unapobeba VLAN zaidi ya moja, kwa mfano kati ya swichi na ruta. Kompyuta, printa au kamera haitarajii lebo, kwa hiyo swichi huivua kabla ya kuitoa fremu kwenye poti hiyo. Poti inayotoa fremu za VLAN moja bila lebo tunaiita poti ya aksesi, na inayobeba nyingi zenye lebo tunaiita tranki.

Chukua poti namba 3, yenye simu na kompyuta nyuma yake. Kompyuta inatuma fremu isiyo na lebo. Simu inaipitisha ilivyo. Swichi inaipokea na kuiweka VLAN 10. Simu yenyewe inapotuma sauti, inapachika lebo ya 20, na swichi inaiheshimu. Zote mbili zikielekea kwenye ruta, zinatoka kwenye poti ya tranki zikiwa na lebo, moja 10 na nyingine 20, na ruta inajua ipi ni ipi. Hivyo poti ya simu ni mwanachama wa 10 bila lebo, na wa 20 kwa lebo. Simu itajuaje kwamba ni 20? Washa LLDP-MED, itifaki ya swichi kuipa simu mipangilio yake, na uitaje 20 kuwa VLAN ya sauti. Simu nyingi za IP zitaambiwa zenyewe zinapowaka. Isiyosikia utaiandikia namba hiyo kwenye menyu yake.

Kwa kuwa unatumia kivinjari, kuna uwezekano mkubwa swichi yako ina majedwali mawili tofauti, na hapa ndipo saa za watu zinapopotelea. Jedwali la kwanza linaonyesha poti ni mwanachama wa VLAN zipi, kwa herufi T pale inapotoka na lebo na U pale inapotoka bila lebo. Jedwali la pili ni la PVID, na linajibu swali jingine kabisa: fremu ikiingia bila lebo, iwekwe VLAN gani? Ukiiweka poti ya kamera U kwenye VLAN 30 na kusahau PVID, kamera itasikia ya VLAN 30, ila kila inachojibu kitaangukia VLAN 1. Taa ya poti inawaka kijani, kamera haipati anwani, na wewe unaanza kulaumu kebo. Basi kwa kila poti ya aksesi fanya matatu: U kwenye VLAN yake, PVID iwe namba hiyo hiyo, na iondoe kwenye VLAN 1. Ukiacha hilo la tatu, matangazo ya VLAN 1 yataendelea kuvujia kwenye poti ambayo ulidhani umeitenga.

Aksesi pointi nazo zinahitaji tranki, kwa kuwa kila moja inarusha mitandao miwili: wa wafanyakazi uende VLAN 10, wa wageni 40, na anwani ya usimamizi ya aksesi pointi yenyewe iwe 99. Printa ni aksesi 10, kamera na mashine ya kurekodia aksesi 30. Ruta ni tranki ya VLAN zote tano, zote kwa lebo.

Sasa lile tawi. Kanuni yangu ni kuongeza kwanza, kujaribu, ndipo kuondoa. Tenga poti ya 24 iwe ya kwako, aksesi VLAN 99, isichomekwe kitu kingine siku zote. Tengeneza VLAN 99, iweke poti ya 24 humo huku laptopu yako ikiwa bado kwenye poti ya 23 ndani ya VLAN 1. Kisha ipe swichi anwani 192.168.99.2 ndani ya VLAN 99, na lango lake liwe 192.168.99.1, ambalo ni ruta. Kama swichi inakubali anwani mbili, acha ya zamani ibaki kwanza. Kama inakubali moja tu, ukurasa utakatika mara ukikubali. Safari hii ulitegemea hilo. Hamisha kebo ya laptopu hadi poti ya 24, badilisha anwani yake iwe 192.168.99.50, fungua 192.168.99.2. Ukurasa ukifunguka, hifadhi. Ni baada ya hapo tu ndipo uguse poti nyingine, na hata ukizivuruga zote, poti ya 24 itakuingiza.

Kama siku moja utafanya kazi kwa mstari wa amri badala ya kivinjari, kuna mtego mmoja wa swichi za Cisco unaostahili kukaririwa. Kwenye poti ya tranki inayoruhusu 10 na 20, ukiandika `switchport trunk allowed vlan 30` ukidhani unaongeza 30, umefuta 10 na 20 na kubakiza 30 peke yake. Ya kuongeza ni `switchport trunk allowed vlan add 30`. Neno moja, na ofisi nzima imekatika. Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa tranki ukiwa mbali, wenye kazi hiyo huhifadhi mpangilio uliopo kisha huandika `reload in 10`: swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa. Kazi ikienda vizuri unaifuta kwa `reload cancel`. Juniper wamelirahisisha kwa `commit confirmed`, ambayo hurudisha yenyewe mpangilio wa zamani usipothibitisha.

Upande wa ruta usiupuuze, kwa sababu nusu ya ulichotaka iko huko. Nachukulia swichi yako haipitishi trafiki kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Hiyo ni kazi ya ruta. Kwa kila VLAN, ruta inahitaji kiolesura chenye namba hiyo, anwani inayoishia na 1, na DHCP yake, yaani huduma ya kugawia vifaa anwani za IP. Ukiishia hapo, ruta nyingi zitaunganisha VLAN zote kwa furaha, na mgeni kwenye Wi-Fi ataweza kuipigia pingi (ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinajibu) kompyuta ya hesabu akiwa VLAN 40. Watu hutengeneza VLAN wakadhani wameshajilinda. VLAN inagawa tu. Anayekataza ni faiwoli, yaani sheria za ruta za nani afike wapi. Weka sheria: 40 iende intaneti tu, isifike mtandao wowote wa ndani. 30 isitoke kwenda intaneti wala kuanzisha mawasiliano na 10. 10 iruhusiwe kufika kwenye mashine ya kurekodia ili mwenye ruhusa aangalie kamera. 20 ifike kwa mtoa huduma wa simu na seva ya NTP. 99 ifikiwe na kompyuta yako peke yake. Hakikisha pia ruta yako inaelewa 802.1Q kabla ya yote haya. Baadhi ya ruta zinazotolewa na watoa huduma za intaneti hazielewi, na bila hiyo kazi nzima inakwama.

Jambo jingine nitakalokaa nalo ni kitanzi. Siku moja mtu atasogeza meza, atakuta kebo mbili zinaning'inia kutoka kwenye simu, na kwa nia njema atazichomeka zote mbili ukutani. Sasa swichi imeunganishwa na yenyewe kupitia simu. Fremu ya Ethernet haina hesabu ya kuisha muda kama pakiti ya IP ilivyo nayo, kwa hiyo tangazo moja litazunguka na kuzaliana hadi swichi ielemewe. Taa zote zitapepesa kwa pamoja na hakuna kitakachofanya kazi. Dawa yake ni STP, itifaki aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985: swichi zinatumiana ujumbe mdogo uitwao BPDU, zinagundua njia inayojirudia, zinaifunga. Tumia toleo la RSTP, ambalo ni la haraka zaidi. Usichukulie kwamba limewashwa. Kwenye swichi ndogo nyingine huja likiwa limezimwa.

Poti za simu, kompyuta, printa na kamera ziwekee alama ya kuwa poti za ukingoni. Bila alama hiyo, STP ya zamani huikalisha poti sekunde 30 kabla ya kuipitisha trafiki, kompyuta inaomba anwani ya DHCP na haijibiwi, na mtu anajikuta na anwani inayoanza na 169.254. Kwenye poti hizo hizo washa ulinzi wa BPDU, ili poti ijifunge mara ikisikia BPDU isiyotarajiwa. Vifaa vingine vidogo humeza BPDU na kitanzi kikapita bila kuonekana, kwa hiyo ongeza pia kikomo cha matangazo kama swichi inacho. Na kama utakuja kuwa na swichi zaidi ya moja, teua mwenyewe iliyo kiongozi: shusha kipaumbele chake kutoka 32768 hadi 4096. Usipoteua, yenye anwani ndogo kuliko zote ya MAC (ile ya kiwandani ya kifaa) ndiyo itakayotawala, na mara nyingi hiyo ni kifaa kikuukuu kilichosahaulika chini ya kabati.

Ulinzi wa DHCP, unaozuia mtu kuleta ruta yake ya nyumbani na kuanza kugawa anwani za uongo, unafaa kuuwasha kwenye VLAN 10 na 40. Anza kwa kuitia alama poti ya ruta kuwa inaaminika, ndipo uuwashe. Ukigeuza mpangilio huo, hakuna atakayepata anwani mpya, na huenda usijue hadi kesho yake asubuhi watu wanapowasha kompyuta.

Siku ya kuhamia iwe ofisi imefungwa. Unganisha ruta kwanza, ujaribu kutoka poti ya 24. Kisha simu moja na kompyuta yake, kamera moja, aksesi pointi moja. Kila kimoja kipate anwani ya VLAN yake, na ujaribu pia yale yanayotakiwa kushindikana: ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ipigie pingi kompyuta ya hesabu. Ikijibu, rudi kwenye faiwoli. Zikipita hizo, unganisha zilizobaki. Mwisho pitia orodha ya kasi za poti. Kompyuta inayoonyesha 100 badala ya 1000 mara nyingi ina jozi moja ya waya iliyokatika au kichwa kilichobanwa vibaya, kwa sababu kasi ya 1000 inahitaji jozi zote nne na ya 100 inaridhika na mbili. Ila angalia kwanza kama simu iliyo katikati si ya kasi ya 100 yenyewe. Simu za bei nafuu ziko hivyo nyingi, na hapo kebo haina kosa.

Poti tatu zilizobaki zizime. Hifadhi usanidi, izime swichi na kuiwasha tena ukiwa bado ofisini uone kama imerudi ilivyo, kisha pakua nakala ya usanidi na uiweke nje ya swichi pamoja na ile karatasi ya mistari 24. Ukikwama kwenye majedwali ya VLAN na PVID, nitumie picha za yote mawili pamoja na modeli ya swichi na ya ruta. Usinitumie faili zima la usanidi kabla hujafuta manenosiri na maneno ya siri ya SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao), maana mengi huandikwa humo wazi au kwa namna inayofumbuliwa kirahisi.